Stori ya "Precious Lord": Msee wa Blues Aliyezika Mke na Mtoto Kwenye Jeneza Moja

Kama umewahi kwenda matanga ya watu wa kanisa, hii ngoma unaijua. Inakujanga ile time pasta amemaliza kuhubiri, watu wamechoka kulia, halafu mathe fulani wa kwaya anaianza polepole bila hata kinanda. Jina lake kamili ni "Take My Hand, Precious Lord", ingawa wengi wetu tunasema tu "Precious Lord". Mwimbaji anamwomba Mungu amshike mkono kwa sababu amechoka na njia ina giza. Basi. Haombi gari, haombi visa, hana adui anayetaka aaibishwe mbele ya watu. Anaomba mkono tu.

Na kama uko kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, kuna uwezekano ushatumiwa ile fowadi ndefu inayosimulia wimbo huu ulitoka wapi, na mwisho wake inasema aliyeandika ni Tommy Dorsey, yule wa bendi. Tuanzie hapo, kwa sababu hiyo ni uongo. Tommy Dorsey alikuwa mzungu wa Pennsylvania, alizaliwa 1905, akapiga tromboni na kuongoza bendi kubwa ya dansi hadi alipofariki 1956. Alikuwa mkali kwa kazi yake, hatukatai. Lakini hii ngoma si yake. Aliyeiandika ni Thomas A. Dorsey, mtu mweusi kutoka Georgia, na ni jina tu liliwachanganya watu. Kisa chenyewe kwenye hiyo fowadi ni cha kweli kwa sehemu kubwa. Ni mwenyewe ndiye amebadilishwa, na hilo linaniuma, kwa sababu ukimtoa huyo mtu mweusi na maisha aliyoishi, hauwezi kuelewa mbona wimbo unasikika vile unasikika.

Huyu msee ni nani

Thomas Andrew Dorsey alizaliwa tarehe 1 Julai 1899 huko Villa Rica, Georgia, kusini mwa Marekani. Mzae wake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti wa kuzunguka, leo kanisa hili, kesho lile, na siku zingine analima shamba la wenyewe. Mathe wake alipiga kinanda kanisani. Kwa hivyo usidhani huyu ni mtu aliyekutana na Mungu ukubwani. Alizaliwa ndani.

Baadaye familia ikahamia Atlanta kutafuta riziki, na huko msoto ukawakaba vilivyo. Kijana na shule hawakupatana, akaacha masomo akiwa bado mtoto. (Sisi tulioacha chuo katikati, huyu ni babu yetu.) Shule yake ikawa 81 Theatre, ukumbi wa burudani wa watu weusi kwenye barabara ya Decatur. Aliuza soda pale, lakini macho yake yote yalikuwa kwenye vidole vya wapiga piano. Akijifunza kitu, anakimbia kukijaribu. Hivyo ndivyo alivyojua kazi.

Mwaka wa 1916 akaelekea kaskazini, Chicago. Hakuwa peke yake. Hiyo ndiyo miaka watu weusi kwa maelfu walikuwa wanaitoroka kusini, wakikimbia ubaguzi, kunyongwa ovyo na mashamba yasiyolipa. Mji ukajaa, keja zikawa ghali, na watu wakabuni njia ya kulipa rent: unafanya sherehe kwako nyumbani, unatoza watu kiingilio, unaita mpiga piano, na doh inayobaki unampelekea landilodi. Dorsey ndiye aliyekuwa anaitwa. Na kwa sababu kelele zilileta karao, hasa pombe ilipopigwa marufuku kuanzia 1920, akajifunza kupiga piano polepole sana, chini chini, watu wacheze bila jirani kuamka. Wakawa wanamjua kama mpiga piano wa kunong'ona.

Sikiliza "Precious Lord" ikiimbwa na mtu anayeijua. Huo mnong'ono bado umo ndani.

Kufikia 1924 alikuwa ameomoka. Aliongoza bendi ya Ma Rainey, mama wa blues, staa mkubwa ajabu wa wakati huo. Mwaka uliofuata akamuoa Nettie Harper, na Nettie akaingia kazini naye, akitunza mavazi ya Ma Rainey wakiwa safarini. Pesa ipo, mke yupo, jina lipo.

Halafu mwaka wa 1926 kichwa kikakataa. Akiwa stejini vidole vikawa haviendi, na giza likamwingia. Leo tungesema depresheni na kumtafutia daktari wa akili. Wakati ule alikaa karibu miaka miwili bila kuweza kufanya kazi vizuri, akafikia hatua ya kuwaza kujiua, na Nettie ndiye aliyesimama na nyumba. Dorsey mwenyewe alisimulia kwamba shemeji yake alimpeleka kanisani, askofu akamwombea, na alihisi kama nyoka ametolewa kooni mwake. Ichukue unavyotaka. La maana kwetu ni kwamba alitoka pale amesema atamwandikia Mungu nyimbo. Karibu na wakati huo jirani yake alikufa ghafla, na kifo hicho kikamsukuma kuandika "If You See My Savior", mojawapo ya nyimbo zake za kwanza za injili.

Unangoja niseme aliokoka akaacha dunia, sivyo? Hapana. Mwaka huohuo wa 1928 rafiki yake, mpiga gitaa aliyeitwa Tampa Red, alimletea maneno ya wimbo mmoja mchafu mchafu, ule wa kusema kitu huku unamaanisha kingine. Dorsey akaupigia piano. "It's Tight Like That" ikawa hiti kubwa. Injili ilikuwa haimlipi hata nauli, hii ikaleta chapaa, na kwenye rekodi alijiita Georgia Tom. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa huyu mtu alikuwa na majina mawili: Thomas Dorsey anayezunguka makanisa na karatasi zake za nyimbo, na Georgia Tom anayerekodi ngoma za klabu.

Sasa wewe unayesoma hii Umoja ama Kisauni unaijua hiyo vita. Willy Paul na Bahati walianza kwenye injili wakahamia upande wa pili, na watu mtandaoni wakawaka. Na hata wale waliobaki kwa injili, kila baada ya muda kuna mtu anasimama kusema biti zao ni za klabu, si za madhabahu. Tunaongea kama hii ni shida ya kizazi chetu, TikTok imetuharibu, na kadhalika. Wapi! Hii kesi ilikuwa inasikizwa Chicago kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

Mbona kanisa lilimkataa

Makanisa makubwa ya watu weusi Chicago miaka ya 1920 yalikuwa na heshima zake. Walitaka kwaya inayosoma noti, nyimbo za kina Handel na Mozart, watu wamekaa wima wametulia. Wengi wa viongozi waliona kupiga makofi na kupaza sauti ni mambo ya mashambani, ya kusini walikotoka, ya kuaibisha. Sasa anakuja msee wa sherehe za rent na nyimbo zinazoyumba kama blues, anataka washirika wajibizane na mwimbaji, wasimame, wapige makofi. Dorsey alisema baadaye kwamba alifukuzwa kwenye makanisa mazuri kabisa ya mji. Alisema hivyo kwa kujivunia.

Alichokuwa anafanya ni kitu rahisi kueleza lakini kigumu kufanya. Alichukua namna mwimbaji wa blues anavyoikunja noti, anavyochelewa kidogo nyuma ya biti, anavyorudia neno moja mpaka liume, akaviweka chini ya maneno ya Biblia. Na aliacha nafasi. Karatasi yake ilikuwa kama ramani tu. Mwimbaji alitarajiwa kupita njia yake mwenyewe. Ndiyo maana hadi leo hautasikia watu wawili wakiimba "Precious Lord" sawasawa.

Upepo ulianza kugeuka mwaka wa 1930, wimbo wake ulipowashika watu kwenye mkutano mkuu wa Wabaptisti weusi uliofanyika Chicago. Mwaka wa 1931 yeye na mwimbaji Theodore Frye wakaanzisha kwaya ya injili katika kanisa la Ebenezer Baptist, na mwaka wa 1932 kanisa la Pilgrim Baptist likamchukua aongoze kwaya yake. Alikuwa na miaka 32, amepata kazi ya kanisani ya kudumu, na nyumbani Nettie alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Georgia Tom alikuwa anaanza kusahaulika.

Agosti 1932

Dorsey alikuwa amealikwa St. Louis kuimba kwenye mkutano wa injili. Nettie alikuwa karibu kujifungua. Hakutaka kumwacha, lakini watu walikuwa wanamngojea, na ndio kwanza jina lake lilikuwa linaanza kusikika makanisani. Akaingia kwenye gari.

Miaka mingi baadaye alisimulia kitu kimoja kuhusu asubuhi hiyo. Alikuwa ashatoka nje ya mji alipogundua amesahau mkoba wa nyimbo zake. Akageuza gari, akarudi. Alimkuta Nettie amelala usingizi mzito. Akasimama kando ya kitanda, kitu ndani yake kikimwambia abaki. Hakutaka kumwamsha. Akachukua mkoba, akatoka kimya.

Kesho yake usiku, St. Louis, ukumbi ulikuwa umejaa, joto la Agosti, watu wanamwitisha aimbe tena na tena. Alipokaa chini hatimaye, kijana wa telegramu akamletea bahasha. Ndani kulikuwa na ujumbe mfupi kwamba mke wake amefariki. Hebu fikiria alipokuwa ameketi: karatasi iko mkononi, na watu wote waliomzunguka wanaendelea kuimba na kupiga makofi kwa furaha, hakuna anayejua. Alikimbia kutafuta simu. Chicago wakamthibitishia.

Aliporudi alikuta Nettie amejifungua mtoto wa kiume kabla ya kufa. Kwa saa chache alikuwa mjane na pia baba. Alisema alikuwa anayumba kati ya huzuni na furaha, hajui ashike ipi. Halafu usiku huohuo mtoto naye akaenda. Aliwazika pamoja, Nettie na kijana wake, kwenye jeneza moja.

Sitatia chumvi hapa. Mama kufa akijifungua si hadithi ya zamani za Marekani peke yake. Uliza kwenye ploti yenu, kuna familia inaijua.

Kile ambacho fowadi nyingi zinapitia haraka ni siku zilizofuata. Dorsey alijifungia. Hakutaka watu. Na alikuwa amemkasirikia Mungu kabisa kabisa. Aliona ameonewa. Alikuwa ameacha pesa ya klabu, amevumilia kufukuzwa na makanisa, amemwandikia Mungu nyimbo, na alipokuwa mbali akimwimbia huyohuyo Mungu, hiki ndicho alichopata. Alisimulia waziwazi kwamba hakutaka tena kumtumikia wala kuandika injili. Alitaka kurudi kule kwenye jazz na blues alikotoka. Na kusema ukweli, mlango ulikuwa wazi. Georgia Tom bado angepata kazi.

Unajua vile kwetu tunafanya mtu akifiwa. Hata hajavua viatu, mtu amemwambia asilie, ni mapenzi ya Mungu, Mungu hakosei. Pengine tunasema hivyo kwa sababu kimya kinatutisha. Dorsey hakuwa amefika kwa mapenzi ya Mungu. Alikuwa amefika kwa mbona.

Piano kwenye shule ya nywele

Siku chache baada ya mazishi, Jumamosi jioni, rafiki yake Theodore Frye alimtoa nyumbani, wakaenda Poro College. Usidanganywe na jina. Hii ilikuwa shule ya urembo wa nywele, ya Annie Malone, mama mweusi aliyetajirika kwa kuuza bidhaa za nywele na kufundisha wanawake wengine hiyo kazi. Alikuwa ameihamisha shule yake kutoka St. Louis, mji uleule wa telegramu, akaileta Chicago mwaka wa 1930. Ndani kulikuwa na chumba cha muziki chenye piano, pametulia. Ati ngoma ambayo imezika watu dunia nzima ilitungwa kwa nyumba ya salonist. Nimeipenda hiyo zaidi ya kama ingetoka kanisani.

Dorsey akakaa kwenye piano, vidole vikaanza kutembea vyenyewe. Muziki alioushika haukuwa mpya. Ulikuwa wa tenzi ya zamani ya wazungu, tuni inayoitwa Maitland, iliyoandikwa na George Nelson Allen karne ya 19 na ambayo kila Mbaptisti wa kusini aliijua tangu utotoni. Ni kama wewe ukiwa umevunjika kabisa, mdomo ukajikuta unavuma wimbo wa Sunday school. Lakini vidole vilikuwa vya Georgia Tom. Akaipunguza mwendo, akainyoosha, akaikunja mahali, na maneno yakaanza kuja juu yake.

Mwanzoni, alisimulia, alikuwa anamwita Mungu kwa neno lingine, lile la kawaida la kusema Bwana aliyebarikiwa. Frye akamkatiza: hapana, mwite "precious". Wa thamani. Mpendwa. Dorsey akajaribu, neno likakaa. Na ukifikiria, hilo neno moja ndilo linabeba mzigo. "Aliyebarikiwa" ni neno la kusoma kwa heshima ukiwa umesimama mbali. "Precious" ni neno unalomwitia mtu wako. Msee aliyekuwa hataki kusikia Mungu akitajwa akajikuta anamwongelesha kama mtu wa nyumbani.

Sasa angalia kilichomo kwenye wimbo na kisichomo. Hakuna maelezo. Hasemi sasa nimeelewa mbona Nettie alikufa. Hasemi Mungu ana mpango. Hamtaji Nettie, hamtaji mtoto. Hashukuru. Anasema amechoka, ni dhaifu, kuna dhoruba na usiku, na anaomba kushikwa mkono aongozwe. Mtoto mdogo akivuka Thika Road anaomba hivyohivyo. Haulizi magari yanatoka wapi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wimbo unazishinda nyimbo nyingi za kusifu tunazopigiwa redioni kila asubuhi. Zile zinakutaka uwe tayari umeshinda. Hii inakuruhusu uwe bado uko katikati ya mambo.

Frye aliuimba katika kanisa la Ebenezer, Dorsey akiwa kwenye piano, na watu wakalipuka. Dorsey mwenyewe hakutarajia. Walikuwa na sababu: hiyo ilikuwa 1932, uchumi wa Marekani umeanguka, watu wamefutwa kazi, na waliohama kusini kutafuta maisha walikuwa wamegundua kaskazini pia hakuna huruma. Kila mtu kwenye zile benchi alikuwa na Nettie wake.

Kutoka Chicago hadi Memphis

Wimbo ulisambaa kwa mguu. Hakukuwa na YouTube, na makampuni ya rekodi hayakuwa na haja sana na nyimbo za kanisa za weusi. Dorsey aliuza karatasi za nyimbo, senti 10 kwa moja, na ili watu wanunue ilibidi mtu aziimbe mbele yao. Mwimbaji Sallie Martin alizunguka naye mji baada ya mji wakifungua kwaya za injili, na huyu mama ndiye aliyemtengenezea biashara, kwa sababu Dorsey alikuwa mkali kwa piano lakini kwa hesabu ya pesa alikuwa bure kabisa. Mwingine aliyezunguka naye alikuwa msichana kutoka New Orleans mwenye sauti ya kutikisa dirisha, Mahalia Jackson. Ndiye aliyeifanya "Precious Lord" iwe yake.

Mmoja wa waliopenda kumsikia Mahalia akiuimba alikuwa Martin Luther King. Harakati za haki za watu weusi zilikuwa na nyimbo nyingi za kuandamana, zile za kupasha moto, lakini huu ulikuwa wa usiku, wa wakati simu za vitisho zimepigwa na watu wamerudi kutoka jela.

Tarehe 4 Aprili 1968 King alikuwa Memphis kuunga mkono wafanyakazi wa taka waliokuwa wamegoma. Saa 12 jioni hivi alikuwa amesimama kwenye baraza ya Lorraine Motel, nje ya chumba nambari 306, akiongea na watu waliokuwa chini uani. Mmoja wao alikuwa Ben Branch, mpiga saksafoni aliyekuwa amekuja na bendi yake kutoka Chicago kupiga muziki kwenye mkutano wa usiku huo. King akamwomba ampigie "Precious Lord", na aipige vizuri sana. Muda mfupi baadaye risasi ikalia.

Kwa hivyo kati ya maneno ya mwisho ya Martin Luther King kulikuwa na kuitisha ngoma. Na ngoma yenyewe ilikuwa imetungwa na mtu aliyelelewa Atlanta, mji wa King mwenyewe, na ingepigwa na bendi iliyotoka mji ilipozaliwa. Bendi haikuipiga usiku huo. Mahalia ndiye aliyeimba siku tano baadaye, Atlanta, kwenye mazishi.

Hapo ndipo wimbo ukawa wa mazishi rasmi, kama tuseme. Mahalia alipokufa mwanzoni mwa 1972, Aretha Franklin alimwimbia huohuo Chicago. Mwaka wa 1973 Leontyne Price, malkia wa opera, aliuimba kwenye mazishi ya rais wa zamani Lyndon Johnson. Elvis Presley alikuwa ashaurekodi 1957. Beyoncé aliuimba kwenye Grammy za 2015. Wazungu wa muziki wa kantri waliukubali hadi wakamweka Dorsey kwenye jumba la heshima la watunzi la Nashville mwaka wa 1979, mtu mweusi wa kwanza kuingia pale. Makanisa yaliyomfukuza yalikuwa yanaimba nyimbo zake kila Jumapili, na hata neno "gospel" kama jina la aina hii ya muziki lilishika kwa sehemu kubwa kwa sababu yake. Unapobishana na mtu kama biti fulani ni ya gospel ama ni ya dunia, jua unabishana ndani ya nyumba iliyojengwa na mpiga piano wa Ma Rainey.

Dorsey hakurudi kwenye blues. Aliongoza kwaya ya Pilgrim Baptist kwa miongo kadhaa, akaoa tena mwaka wa 1941, akapata watoto, akaandika mamia ya nyimbo, ikiwemo "Peace in the Valley". Lakini hakuwahi kuitukana kazi yake ya zamani. Watu walipotaka atubu kuhusu Georgia Tom, hakuwapa hiyo raha. Mwaka wa 1982 ilitoka filamu moja ya hali halisi, "Say Amen, Somebody", na humo yuko, mzee wa miaka zaidi ya 80, anasimulia habari ya telegramu. Ni miaka 50 imepita. Tazama sura yake akifika pale kwa mtoto. Aliaga dunia Chicago tarehe 23 Januari 1993, akiwa na miaka 93.

Ukitaka kuisikia vizuri leo usiku, usianze na Elvis. Anza na Mahalia, vaa earphone, zima taa, na usikize anavyochelewa kwa makusudi kabla ya kila mstari. Halafu tafuta ile ya Aretha ya 1956, iliyorekodiwa kanisani kwa babake, New Bethel Baptist, Detroit. Watu wanapiga kelele nyuma, sauti ya rekodi ni mbaya, na anayeimba ana miaka 14.